Wachunga ng'ombe wasio na ng'ombe

Nashville, tarehe 6 Desemba

Wapendwa Baba, Mama na Nyanya,

Hamjambo huko Kericho? Mimi sijambo, ila baridi imenifundisha kuvaa soksi mbili mbili. Likizo sijapata. Zamu ya tarehe 25 imeniangukia tena, kwa hiyo Mama usinihesabu kwenye chapati. Pesa za mbuzi nimezituma kwa simu ya Kiprono. Akisema hazijafika, mwangalieni machoni.

Kuna mtu wa kanisani anasafiri kuja huko wiki ijayo, naye nimempa CD mbili awaletee. Baba, kabla hujaziweka kwenye redio na kunipigia simu ukiuliza nimepatwa na nini, ngoja nikueleze.

Pale ninapotunza wazee kuna bibi mmoja ambaye Krismasi yake huanza Novemba. Asubuhi nikimpelekea dawa, muziki umeshawashwa. Siku ya kwanza nilidhani ni ile kaseti yako ya nyimbo za Krismasi za Jim Reeves, albamu ya mwaka 1963, ambayo umetupigia kila Desemba mpaka utepe ukaanza kukoroma. (Ndege yake ilianguka Brentwood, hapa hapa kusini mwa Nashville, mwaka 1964. Huwa napita huko nikienda kazini, na kila mara nakukumbuka wewe na hiyo kaseti.) Sauti zilikuwa tamu vile vile, tatu zimepandana kama kwaya. Mara mzee mmoja kwenye rekodi akaingilia kati kwa kulalamika, jikoni kwake hapaheshimiwi. Nikasimama na kikombe cha dawa mkononi. Yule bibi akacheka mpaka nikalazimika kumwinua kwenye mto.

Wanajiita Riders in the Sky. Kundi lao lipo tangu 1977, na lilianzia mji huu huu. Rekodi zao za Krismasi ninazowatumia ni za 1992 na 1999. Yule mzee mnung'unikaji ni mpishi wa kambi, na kumbe ni mpiga besi wao mwenyewe, Too Slim, amebadilisha sauti. Kiongozi wao, Ranger Doug, amejipa cheo cha Kipenzi cha Vijana wa Marekani, na umri wake, Baba, unakukaribia. Woody Paul anapiga fidla na kuchezesha kamba ya kukamatia ndama. Joey Miskulin anapiga kodiani, kama ile ya ngoma ya mwomboko ya Wakikuyu.

Wiki iliyopita nikaenda kuwaona kwenye ukumbi wa Ryman. Ni jengo la 1892, lilijengwa liwe nyumba ya mahubiri, na mpaka leo watu wanakaa kwenye mabenchi ya kanisa. Ukikaa hapo unajisikia kama utaombwa sadaka. Wakatokea wanaume wenye kofia kubwa, leso shingoni, mashati yaliyodariziwa kuliko kitambaa cha meza ya Mama, na suruali za manyoya. Nyanya ataniuliza, wana ng'ombe wangapi? Hawana hata mmoja. Nchi ya wachunga ng'ombe wenyewe iko mbali sana magharibi. Hawa wanaigiza wale makauboi wa filamu za zamani, akina Gene Autry, aliyeimba kuhusu Rudolph, yule paa wa Krismasi mwenye pua nyekundu, mwaka 1949.

Sasa sikilizeni hili. Katikati ya onyesho Too Slim aliliacha besi, akasogeza uso kwenye maikrofoni, akaanza kujipiga mashavu kwa viganja huku akifungua na kufunga mdomo. Wimbo ukatoka! Noti zote zimo, juu na chini, hata zile za haraka. Watu wazima walikuwa wanafuta machozi. Nimejaribu mbele ya kioo bafuni nikaambulia maumivu ya taya.

Kiprono, hapa nakusemea wewe, kwa sababu Mama ameniambia gitaa limefungiwa kabatini. Baba, yule wa fidla na kamba ana udaktari wa uhandisi wa nyuklia kutoka chuo cha MIT. Yule wa mashavu alisomea usimamizi wa wanyamapori mpaka shahada ya pili. Kwetu angekuwa bosi wa mbuga. Ranger Doug naye ana shahada ya pili ya fasihi kutoka chuo cha Vanderbilt, na ameandika kitabu kuhusu makauboi waimbaji. Si wahuni. Naomba gitaa litoke kabatini siku za Jumamosi. Na wewe Kiprono, usianze kuruka: wote hao walimaliza vyuo kwanza.

Nyanya, zamu yako. Baba akusomee sehemu hii kwa Kikipsigis. Ranger Doug ana namna ya kuimba ambapo sauti inavunjika kutoka kifuani, inarukia kichwani, inarudi chini, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Alipoanza pale Ryman, wenzangu walipiga makofi, mimi nikashika benchi. Ulikuwa ukituimbia ule wimbo wa Chemirocha tukimenya viazi. Huyo Chemirocha alikuwa mtu kweli, Nyanya. Jina lake Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli wa Marekani, na aliimba hivyo hivyo. Alikufa 1933, na santuri zake zikafika kwetu kwenye gramafoni. Wasichana wa Kapkatet walioimba kwamba ni nusu mtu nusu swala, wakimtaka acheze mpaka nguo zimtoke, walirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, mwaka 1950. Nilimwonyesha yule bibi wangu rekodi yao kwenye simu. Akaisikiliza mara tatu, akasema wasichana hawa wanapaswa kuwa Ryman.

Sasa anataka kukusikia wewe. Nimemwambia nyanya yangu anaujua wimbo wote. Kiprono akurekodi kwenye simu, mlango ukiwa umefungwa ili kuku wasiingie kwenye kiitikio, atume kabla ya tarehe 20. Nitampigia rekodi hiyo asubuhi ya Krismasi, nikimpelekea dawa.

Nawapenda,
Chebet

Mama: CD ya 1999 ina vichekesho zaidi. Usiipige mbele ya mchungaji kabla ya chakula.