Idi Mubarak, na tusishuke kilimani

Ndugu zangu, jamaa na majirani, Idi Mubarak. Wazee wangu, shikamooni. Allah azitakabali saumu zetu, visimamo vyetu na zaka zetu za fitri. Na wale tuliouanza nao mwezi wasiifikie Idi, Mola awarehemu.

Leo ni Shawwal mosi. Mwezi huu una habari yake, ila kwa harufu ya pilau na watoto kudai mkono wa Idi, huwa haitujii akilini. Ushindi wa vita vya Badr ulipatikana Ramadhani, mwaka 2 Hijria. Vita vya Uhud vikaja mwaka uliofuata, navyo vikaangukia Shawwal. Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubayr, akawaambia wasibanduke hata wakiona ndege wanawanyakua wenzao. Makureshi, maadui kutoka Makka, walipotimua mbio, wengi wa wapiga mishale wakaona kazi imekwisha, wakateremka kufuata ngawira. Kiongozi wao aliwakataza. Wachache ndio waliobaki naye. Khalid bin Walid, wakati huo hajasilimu, akazunguka na wapanda farasi wake kwa nyuma. Waislamu wapatao 70 wakauawa, Hamza, ami yake Mtume, akiwa mmoja wao.

Mie kila nikiisoma habari hii najiona mwenyewe. Mwaka jana, Idi mosi hiyohiyo, Alasiri ilinipita nimelala, tumbo limejaa biriani. Saumu sita za Shawwal sikufunga hata moja. Kila wiki nilisema nitaanza Jumatatu. Msahafu niliokuwa nikiusoma juzuu kwa siku ulirudi kabatini, nikaja kuutoa Shaaban, tena kwa kuufuta vumbi kwanza. Sikukusudia kuasi. Niliona tu vita vimekwisha.

Kinachonitia moyo ni yaliyofuata baada ya Uhud. Sura ya Aal Imran haiwafichi walioteremka: inasema wapo waliotaka dunia. Kisha inasema Allah amewasamehe. Na Mtume anaamrishwa awasamehe, awaombee maghufira, na juu ya hayo ashauriane nao. Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Watu walioteleza jana, leo wanaulizwa rai yao!

Basi mie Idi tatu naanza sita, inshallah, Jumatatu au si Jumatatu. Atakayefunga nami aje tufuturu pamoja kwangu. Uji na mihogo vipo. Pilau iliyobaki njooni nayo nyinyi.