Kepi tulimzika Jumamosi

Mulembe Namba Tisa,

Niliona umeandika pole kwa grupu ya darasa letu halafu ukanyamaza, na vile nakujua ukinyamaza hivyo kuna kitu, so nimeona nikae nikuandikie vizuri juu simu za Doha unashika ukiwa umetoka zamu umechoka na hii si maneno ya kuambiana haraka haraka. Ilikuwa presha. Alianguka Jumanne asubuhi akifungua kibanda chake pale Amalemba, hospitali hakufika.

Wewe ulitoka mapema kwa hivyo Kepi unayemjua ni yule wa 1999. Unakumbuka uwanja wa Bukhungu? Kawaida watu walikuwa wanajaa pale siku Kakamega High wanacheza na Musingu, lakini mwaka ule walikuja kuona kashule ketu kwa sababu ya kijana mmoja, na wazee wakawa wanaita "Kadenge na mpira!" kila akigusa, na huku kwetu jina la Joe Kadenge, yule nyota wa mpira wa zamani, halipewi mtu hivi hivi.

Halafu goti. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Aliruka kichwa, akatua na mguu mmoja, hakuna mtu alimgusa, nikasikia ko! kama kuni kavu. Wakamwekea barafu wakamrudisha kipindi cha pili. Hiyo inaniuma mpaka leo bana, mtu mzima hata mmoja hakusema huyu mtoto atolewe. Nyumbani akakandwa na maji moto mpaka uvimbe ukaisha wakasema amepona, kumbe kano ya ndani ilikuwa imekatika kabisa, na kano hiyo ikikatika unaweza kutembea sawa, hata kukimbia mbele moja kwa moja, ila ukigeuka ghafla goti linakuacha. Sasa straika asiyeweza kugeuka ataenda wapi? Wale wa Nairobi waliokuwa wanamuulizia wakaacha kuuliza.

Sisi wote tulidhani yameishia hapo. Mimi mwenyewe nilikaa miaka kama sita bila kupitia kwake kwa sababu sikujua nitamwambia nini, na hilo nakwambia wewe peke yako.

Kumbe yeye alikuwa anashona. Alianza fundi wa viatu, vya wanafunzi na vya akina mama wa soko, na watu wakimletea njumu zilizokufa anachukua, anabandika soli, anapitisha uzi na shazia, akimaliza anaazima mtoto ambaye hana. Haikuwa zawadi, alikuwa anaazima, na daftari anaandika: jezi namba ngapi, saizi, tarehe. Ukirudisha anakata mstari. Saa kumi na moja anafunga kibanda anaenda uwanjani, na kitu cha kwanza kabla ya mpira ni kuruka na kutua. Miguu miwili, magoti yamekunjwa, yasiangaliane. Tena. Tena! Wasichana ndio alikuwa anawakazania zaidi, alisema goti lao linakatika haraka kuliko la wavulana, na akisikia mtoto analalamika mguu anamtoa saa hiyo hiyo hata kama ni fainali na wazazi wanapiga kelele.

Agosti 2025 nilimpata hapo kibandani na watoto kama ishirini mbele ya tivii ndogo, ile siku kwa mashindano ya Afrika ya CHAN Kenya ilipiga Morocco moja bila, tukacheza kipindi cha pili chote tukiwa watu kumi. Ogam alipofunga watoto walirukiana mpaka meza ikaanguka na gundi yote ikamwagika. Kepi hakuangalia gundi, alikuwa anawaonyesha vile mabeki wanasogea pamoja. Nilikaa mpaka mwisho, na nashukuru Mungu nilikaa.

Jumamosi ngoma za isukuti zilipigwa kutoka barabarani mpaka bomani. Watoto walikuja na njumu wakazipanga chini kando ya jeneza, hakuna mtu aliwaambia, wakubwa kwa wadogo, nikahesabu jozi 43. Kuna msichana mmoja wa darasa la saba, namba kumi wao, zake zilikuwa kubwa amejaza magazeti mbele. Alizifuta na sketi ya shule kabla ya kuziweka.

Mama Kepi alinipa lile daftari niliangalie. Ndugu yangu, mstari wa kwanza kabisa ni wewe. "Namba 9, saizi 8, Machi 2001, anaenda majaribio ya timu ya Leopards." Hizo zilikuwa zake mwenyewe, zile nyeusi alizovaa Bukhungu. Haujakatwa mstari. Amehamisha daftari mara tatu, na kila daftari jipya ameanza kwa kukuandika tena.

Sikuandikii nikulaumu, nimeona tu ujue alikuwa anakungojea. Kama bado unazo, zilete ukija Desemba. Kama hazipo, nitafutie jozi moja huko, saizi 5, ya yule msichana. Daftari niko nalo mimi, na kalamu yake imefungwa hapo na uzi.

Namba Nne