Risala ya Vijana kwa Mgeni Rasmi, Fainali ya Bonanza la Mtaa, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako,
Wazee wetu, wazazi na vijana wenzangu,

Shikamooni wakubwa. Wa rika langu, mambo vipi.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu na kukaa juani tangu saa nane ukitazama mpira ambao, tukisema kweli, kipindi cha kwanza haukuwa na ladha. Risala za vijana zimezoeleka: mafanikio, changamoto, kisha maombi ya jezi. Safari hii tulikaa kikundi kizima tukakubaliana tuseme jambo linalotuhusu wenyewe, hata likituaibisha.

Mheshimiwa, tunaambiwa vijana wa siku hizi hatuna uzalendo. Agosti 2025, Taifa Stars ilipocheza na Morocco robo fainali ya CHAN pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, nusu ya kijiwe chetu ilikuwa jukwaani na nusu ilibanana kwenye kibanda umiza. Tulifungwa 1-0. Mwenzetu mmoja, dereva wa bodaboda, mwanaume mzima, alilia mpaka abiria wake akaogopa kupanda. Mtu kama huyo utamwambiaje haipendi nchi yake?

Lakini mwenzetu huyohuyo hajawahi kukanyaga mkutano wa mtaa. Mkutano ule ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18; huulizwi kadi wala kiingilio. Ulipoitishwa wa kusomewa mapato na matumizi, tulikwenda vijana saba. Idadi naijua kwa sababu daftari la mahudhurio nililishika mimi. Saini zilizobaki zote zilikuwa za mama zetu na wazee. Wiki chache baadaye zikaja fomu za mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 kati yake ni fungu la vijana. Siku hiyo foleni ilitoka ofisini ikampita muuza chipsi, na saa tano fomu zikawa zimekwisha. Mkopo ni haki yetu, hatuoni haya kuuomba. Haya inatushika tukikumbuka kuwa fedha ya kukopa tumeifuata mbio, na fedha ya mfereji hatujauliza ilikwenda wapi.

Mfereji wenyewe umeupita ukija hapa, ule wenye godoro. Godoro limo tangu masika. Mvua ikinyesha, maji yanaingia nyumba nne za kona ile, na mama mmoja amejenga matofali mlangoni hadi usawa wa magoti. Wageni wake wanaruka kama wanaingia kwenye mtumbwi. Tarehe 9 Desemba 2015, gwaride la Uhuru lilipofutwa na siku ikafanywa ya usafi nchi nzima, sisi tulikuwa shule ya msingi. Tuliuzibua mfereji huohuo kwa majembe ya wazazi, tukarudi nyumbani tumechafuka na tunajisifu. Leo tuna nguvu mara tatu, na godoro tunalipita tumevaa jezi ya taifa.

Wazee wakitusema hutukumbusha kuwa Mwalimu Nyerere alikuwa na miaka 32 tu TANU ilipozaliwa, 7 Julai 1954, hapahapa Dar es Salaam. Sawa. Ila sisi anayetugusa zaidi ni Bibi Titi Mohamed, mtoto wa mji huu, aliyekuwa mwimbaji wa ngoma kabla ya siasa. Alipotaka kuwaingiza wanawake TANU, aliwafuata kwenye vikundi vyao vya ngoma, mahali walipokwisha kukusanyika. Na sisi tumekwisha kukusanyika, Mheshimiwa: kijiweni, kibanda umiza, uwanja huu. Tangazo la mkutano linabandikwa mlangoni pa ofisi, na mkutano unaitwa Jumanne saa nne asubuhi, dereva akiwa barabarani anatafuta hesabu ya bosi. Kati ya wale saba, mmoja alinyoosha mkono akaambiwa asubiri wakubwa wamalize. Wakubwa hawakumaliza. Tunalisema bila kinyongo. Mwenyekiti wetu alikuwepo, na namwona anacheka.

Tunaomba mkutano ujao uitwe Jumapili saa kumi jioni, uwanjani hapa, kabla ya mechi. Tangazo lifike kijiweni, na karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe nje tuisome hata usiku kwa tochi ya simu. Kwa upande wetu, nahodha asiyeleta wachezaji kumi mkutanoni, timu yake inakatwa pointi tatu ligi ijayo. Kanuni hiyo imeshapita, japo kwa mabishano makali.

Godoro tutalitoa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Hapo ndipo tunapokuhitaji, Mheshimiwa: utusaidie gari la kubebea taka, maana tukiliacha kandoni mvua italirudisha.

Jezi hazimo katika maombi haya. Mweka hazina ameniomba niseme kwamba zikija hatutazikataa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya vijana wa mtaa