Mgonjwa akipiga mateke, tujiulize anaogopa nini

Mhariri,

Msomaji mmoja ameandika kwenye ukurasa huu kwamba wagonjwa wa akili wanaofanya fujo wafungwe kamba tu, maana hawajui walitendalo. Naomba nafasi nimjibu. Mimi ni muuguzi wa kiume wa afya ya akili kwa miaka 19 sasa, na nusu ya miaka hiyo niliamini hivyo hivyo.

Alikuwapo dada mmoja wodini ambaye mchana hakuwa na neno na mtu. Alitandika kitanda chake, akawasuka wenzake nywele, akipewa sabuni anashukuru. Ikifika saa 2 usiku tukiingia na dawa, anauma, anatema mate, anapiga mateke. Tukawa tunaingia watano: wawili mikono, wawili miguu, mmoja na sindano. Mimi nilikuwa wa mguu wa kushoto. Mlango tuliufunga ili wengine wasione, na taa tukaizima ili wasiamke. Kwenye faili lake zamu zote ziliandika neno moja: mkorofi. Zamu inayoingia ikishalisoma neno hilo, inakunja mikono ya sare kabla hata haijamwona mwenyewe.

Usiku mmoja hakupigana. Tulipomshika tu, mguu niliokuwa nimeukandamiza ukalegea mikononi mwangu. Macho yalikuwa wazi, yanatazama dari, hayapepesi. Mwenzangu akasema afadhali leo, nami nikaenda kuandika: "Ametulia." Nalijutia neno hilo kuliko lile la mkorofi.

Wiki kadhaa baadaye muuguzi mwenzetu wa kike, wakiwa wanaanika mashuka pamoja, alimuuliza kitu ambacho sisi hatukuwahi kumuuliza: "Dada, usiku huwa unaogopa nini?" Hakujibu siku hiyo. Siku ya tatu akamfuata mwenyewe na kumweleza. Tangu akiwa msichana mdogo, mtu wa nyumbani kwao alikuwa akimwingilia. Alikuja usiku, alifunga mlango, alizima taa, na alianza kwa kumkalia miguu.

Soma tena, Mhariri, jinsi tulivyokuwa tukimpa dawa.

Watu wengi hudhani aliyebakwa hukumbuka tukio kama mtu anavyokumbuka ajali aliyoiona barabarani. Kiwewe hakiko hivyo. Huamshwa na harufu, na kitasa kinachogeuzwa, na uzito juu ya paja, na kikiamka mwili unaamini jambo lile linatendeka sasa hivi. Ndipo mtu anapouma mkono uliokuja kumsaidia. Na pale mwili unapoona kukimbia hakuwezekani na kupigana hakufai, huganda. Sauti haitoki, viungo havitii. Ndiyo maana swali la "mbona hukupiga kelele?" linalorushwa kwa waliobakwa, nyumbani na hata mahakamani, ni swali la kikatili. Yule dada aliganda mbele ya watu watano wenye taaluma, na sote tukaona utulivu.

Na tungeweza kulijua hili. Mwaka 1974 muuguzi wa afya ya akili, Ann Burgess, pamoja na mwanasosholojia Lynda Holmstrom, walichapisha walichokiona kwa wanawake waliobakwa waliofikishwa kwenye hospitali moja ya mji wa Boston, Marekani. Walieleza kwamba wapo waliolia na kutetemeka, na wapo waliokaa kimya, uso mkavu, wakijibu kama hakuna kilichotokea. Wote walikuwa wameumizwa. Hiyo ni miaka 6 kabla madaktari wa akili wa Marekani hawajauingiza ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe katika mwongozo wao, mwaka 1980. Sijui kwa nini nilimaliza chuo bila kusikia habari hii, nami ni muuguzi kama Burgess.

Tulibadilisha mambo madogo. Dawa ikahamishiwa saa 11 jioni, mchana ungalipo. Taa ikabaki inawaka, mlango wazi. Anaingia muuguzi mmoja wa kike, anataja jina lake, anamuuliza kama yuko tayari na kama anataka kidonge au sindano. Je, fujo zilikwisha siku hiyo? Hapana. Alimpiga mwenzetu kofi mara mbili tena. Lakini hadi anaruhusiwa kwenda nyumbani hatukumkandamiza tena.

Nisieleweke kwamba muuguzi apigwe na anyamaze. Mwenzangu mmoja alishikwa matiti na mgonjwa wa kiume alipokuwa anampima presha. Alipokwenda kutoa taarifa, kiongozi wetu alimuuliza alikuwa amesimama vipi, kisha akamwambia, "Ndiyo kazi uliyoichagua." Akarudi kumalizia zamu kwenye wodi ile ile, kwa mgonjwa yule yule. Baada ya hapo nilimwona akifunga kile kitambaa cha kipimo kwenye mkono wa mgonjwa huku vidole vyake vinatetemeka, na miezi miwili baadaye aliomba kuhamishwa. Kujua kwa nini mgonjwa amepiga hakufuti maumivu ya aliyepigwa. Alistahili kuambiwa pole, kuondolewa zamu usiku ule na kuandikiwa taarifa rasmi bila kuulizwa kosa lake.

Liko na la tatu, ambalo wauguzi tunalisema kwa kunong'ona. Wagonjwa hubakwa ndani ya wodi pia, na wagonjwa wenzao na hata na waliokabidhiwa kuwatunza. Mgonjwa akisema ameingiliwa usiku, jibu la haraka ni kwamba ni maruweruwe, kesho atasema amemwona malaika. Lakini mtu anayesikia sauti zisizokuwepo anaweza kubakwa kweli, na wapo wanaomchagua kwa sababu hiyo, wakijua hataaminiwa. Taarifa yake ipokelewe kama ya mtu mwingine yeyote. Achunguzwe kabla ya kuogeshwa, akikubali, na nguo zake zisifuliwe. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianzwe mapema kadiri inavyowezekana, ndani ya saa 72, na zinywewe kwa siku 28. Saa hizo hazimsubiri daktari aje Jumatatu kuamua kama mgonjwa alikuwa na akili timamu aliposema. Na anayetuhumiwa, kama ni mtumishi, asipangiwe zamu hapo wakati uchunguzi unaendelea.

Msomaji aliyetaka kamba huenda ana ndugu anayeugua na amechoka. Nampa pole kwa dhati, kwani nawaona ndugu wa namna hiyo kila wiki kwenye benchi la nje ya wodi, na najua kuchoka kwao si chuki. Ninachomwomba ni kwamba atakapomleta ndugu yake atuambie kilichowahi kumpata, hata kama nyumbani hakisemwi.

Kwenye faili la yule dada, ukurasa wa kwanza, tulifuta "mkorofi". Pameandikwa: "Asishikwe miguu. Mtajie jina lako kabla hujasogea. Taa iachwe ikiwaka."

Muuguzi wa zamu ya usiku