Usinifiche

Mwanangu,

Visa imetoka, namshukuru Mungu, na tangu juzi sijalala. Baba yako anawatangazia watu wa mtaani unaenda kusomea fasihi ya Marekani, wanamuuliza hiyo inalipa shingapi, anakasirika kweli. Mi naona fahari, ila nakwambia mapema, huko ukipatwa na jambo usinifiche.

Kile kitabu cha Harriet Jacobs ulichoacha mezani nimekisoma, kamusi pembeni, wiki tatu. Binti mtumwa, ndiye Harriet mwenyewe, wa Edenton, hukohuko North Carolina unakoenda wewe, daktari mwenye nyumba anamnong'oneza machafu tangu ana miaka 15, na bibi yake mzaa mama yupo mji uleule, mwanamke huru, anaoka anauza, halafu binti hamwambii kitu. Anampenda ila anamwogopa. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Kisha bibi anasikia binti ana mimba ya mzungu mwingine, anamvua vidoleni pete ya marehemu mama yake, anamfukuza. Baadaye anamwekea mkono kichwani, lakini neno nimekusamehe halitamki.

Lile la mwalimu wa twisheni silirudii. Niliuliza ulivaa nini, basi, mdomo ulitangulia. Lakini na wewe ungekuja siku ileile, si baada ya mwezi. Usinifiche tena.

Huyo Frederick Douglass unayemsifia, mtumwa mwingine aliyeandika maisha yake, kitabu cha 1845, yeye alipigana na aliyempiga, akatoroka, shujaa. Sawa. Harriet ana watoto wawili, atakimbilia wapi? Mwaka 1835 akajificha kwenye kijidari nyumbani kwa bibi, karibu miaka 7, urefu futi 9 upana 7, yaani hata vitanda viwili vya sita kwa sita haviingii, na pale juu kabisa futi 3, hasimami. Akatoboa tundu kwa keekee, anawaona wanawe wanapita barabarani na hawezi kuwaita. Kaskazini, kwenye majimbo huru, kafika 1842. Anakuja kutoa kitabu 1861, jina la bandia Linda Brent, na kwa miaka mingi wasomi wanasema hiyo ni riwaya tu, kaandika yule mama wa kizungu aliyehariri, mpaka miaka ya 1980 barua zake mwenyewe zikamtetea. Mwanamke mweusi anasema hili limenipata, wao wanauliza nani kamwandikia. Nami niliuliza nguo.

Basi wakikudharau kwa rangi, au profesa akileta mazoea, piga simu hata saa nane usiku, bando nitaweka. Na kula, usiishi kwa chai kama ulivyokuwa hosteli.

Bati la jikoni linavuja tena, fundi kapanda darini kashuka na daftari lako la fomu tuu, limeliwa na panya pembeni. Nimesoma kurasa mbili nikaacha. Nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki, lipo kabatini kwangu, useme kama unaenda nalo au libaki. Begi mwisho kilo 23, kaka yako kalipima kwenye mizani ya dukani, na dagaa limefika 21. Zile buti za mitumba vaa siku ya safari, usizipakie.

Mama yako