Barua ya malalamiko: nyumba ya mbao niliyouziwa kuwa ya kuishi mwaka mzima

Njombe,
18 Agosti 2025.

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: NYUMBA YA MBAO YA KUUNGANISHA ISIYOFAA KWA MAKAZI YA KUDUMU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi 2024 nilinunua kwenu nyumba ya mbao ya kuunganisha, yenye urefu wa meta 5 na upana wa meta 4, kwa shilingi 19,500,000 bila gharama za usafiri. Kabla ya kulipa nilimweleza ofisa mauzo wenu kwa maandishi kwamba nyumba hiyo ingejengwa shambani kwangu, kwenye nyanda za juu za Njombe, na kwamba mimi na mke wangu tungeishi humo siku zote za mwaka. Alinijibu siku hiyohiyo kuwa nyumba hiyo "inafaa kwa makazi ya mwaka mzima", na maneno hayohayo yakaandikwa kwenye ankara kifani. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nitoe fedha. Picha nilikuwa nimeziona miezi mingi kabla, na hazikuwa zimenishawishi.

Mzigo ulipofika mwezi Juni na kufunguliwa, nilikuta kijitabu cha maelekezo ambacho katika ukurasa wake wa mwisho, kwa herufi ndogo, kinaeleza kwamba aina hii yenye kuta za unene wa milimita 44 ni ya kutumiwa msimu wa joto, na kwamba haikukusudiwa kuwa makazi ya kudumu isipokuwa mnunuzi aongeze mwenyewe vizuizi vya baridi sakafuni na juu ya dari. Niliwapigia simu saa ileile, mafundi seremala wawili wakiwa wamekaa juu ya rundo la mbao wakinisubiri. Niliambiwa kwamba maelezo hayo yanawahusu watu wa Ulaya wenye theluji, na kwamba huku kwetu hakuna baridi ya kutisha. Nakiri kwamba nililikubali jibu hilo, ingawa aliyelitoa ni dhahiri hajawahi kulala Njombe mwezi Julai.

Tumekaa humo sasa mwaka mmoja na zaidi, kwa hiyo ninayoyaandika si ya kukisia. Mwezi uliopita kipimajoto nilichokitundika ukutani, kando ya kitanda, kilionyesha nyuzi 6 za Selsiasi saa 11 alfajiri. Sakafu ni mbao za milimita 19 zilizopigiliwa juu ya boriti bila kitu chochote chini yake, na kwa kuwa nyumba imeinuliwa juu ya matofali ili mchwa na unyevu visiifikie, kama kijitabu chenu kinavyoagiza, upepo unapita uvunguni usiku kucha. Majirani wametushauri tuingize jiko la mkaa ndani kama wengi wafanyavyo. Nimekataa, kwa sababu katika chumba cha meta za mraba 20 kilichofungwa madirisha, hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka inaweza kuua watu wawili wakiwa usingizini, bila harufu ya kuwashtua.

Paa nalo lina kasoro ya namna yake. Bati limelazwa moja kwa moja juu ya mbao za dari, pasipo nailoni wala nafasi ya hewa kupita katikati. Mvuke wa kupikia na wa pumzi zetu hupenya kwenye maungio ya mbao, hulikuta bati likiwa baridi, hugeuka matone, na kufikia alfajiri matone hayo hutudondokea juu ya blanketi. Mwanzoni nilidhani bati limetoboka, nikampandisha fundi juu mara mbili, nikamlipa mara mbili, naye hakuona tundu. Sasa mbao tano za dari zimeota kuvu jeusi.

Linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni mlango. Nilipolalamika mwezi Februari mwaka huu kwamba haufungiki, mtaalamu wenu alinijibu kwa simu kwamba mbao hupumua. Huu ni mkoa wa mbao, Ndugu Meneja. Mtoto wa shule huku anajua kwamba mbao huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Ukuta uliojengwa kwa mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine hushuka kadiri mbao zinavyokauka, na ndiyo maana fundi makini huacha nafasi juu ya fremu ya mlango, akaifunika kwa ubao mwembamba, ili ukuta ushuke bila kuigusa fremu. Mchoro wenu hauonyeshi nafasi hiyo. Badala yake unaagiza fremu ikazwe kwa skrubu kwenye kila ubao wa ukuta, na mafundi wangu walifanya hivyo kwa utiifu. Matokeo yake ni kwamba mbao za juu zimebaki zikining'inia kwenye fremu huku za chini zikiendelea kushuka, na kati yake pamefunguka mwanya ambao sarafu ya shilingi 200 inapita bila kusukumwa. Mvua za Novemba hadi Aprili ziliingia kupitia hapo.

Silalamikii udogo wa nyumba. Tuliuchagua wenyewe na tumeuzoea, licha ya utani wa wanakijiji ambao kila wakisikia nina "nyumba ndogo" humuuliza mke wangu anajisikiaje. Wala sina neno juu ya mbao zenyewe, ambazo ni nzuri na hazina mafundo mengi. Ninacholalamikia ni kuuziwa banda la mapumziko kwa jina la makazi, na muuzaji aliyekuwa na kijitabu chenye ukweli huo ndani ya mzigo wake mwenyewe.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi aliyoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kwa hiyo naomba mtume fundi wenu, kwa gharama zenu, aje kuweka vizuizi vya baridi sakafuni na darini, kulipanga upya paa, na kufunga upya fremu za mlango na madirisha yote mawili kwa kuacha nafasi inayostahili. Kama hamuwezi, ichukueni nyumba yenu na mnirudishie fedha zangu zote pamoja na gharama za usafiri na za mafundi. Nitasubiri jibu la maandishi kwa siku 21 tangu mpokeapo barua hii, kisha nitalifikisha shauri hili Tume ya Ushindani.

Naomba fundi huyo, akija, alale hapa walau usiku mmoja. Blanketi tunalo.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, mkulima wa parachichi, Njombe.

Viambatisho: nakala ya ankara kifani na stakabadhi ya malipo, nakala ya ukurasa wa mwisho wa kijitabu, picha 9 za dari, mlango na ukuta.