Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha wauguzi wa usingizi, Dodoma

Ndugu wanachama, habari za kazi na poleni na zamu.

Shughuli za kawaida mnazijua: mafunzo ya ganzi ya mgongo yalifanyika, wenzetu wa Mpwapwa na Kondoa tuliwatembelea, wafiwa tuliwafariji. Sitazirudia.

Ninalopaswa kulieleza ni barua niliyoiandika Juni kwa ajili ya mwenzetu mmoja na shilingi 400,000 za wakili, kwa kuwa maneno yamekuwa mengi: eti niliamua bila mkutano, eti nimeiuza taaluma.

Usiku ule mwenzetu alikuwa peke yake thieta. Mama wa upasuaji ameshalazwa mezani. Mwenzetu akatazama geji ya mtungi wa oksijeni, mshale uko kwenye nyekundu, na mtungi wa akiba mtupu. Akasema usingizi hautolewi mpaka mtungi upatikane. Ufunguo wa stoo ulikuwa nyumbani kwa mtunza stoo. Zilipita dakika 20. Mama na mtoto walitoka salama. Asubuhi mwenzetu akapewa barua ya kujieleza, eti kakaidi agizo la daktari, ajibu ndani ya siku 7.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imempa muuguzi leseni yake, na Baraza la Uuguzi na Ukunga likimwita atajibu yeye. Lakini kanuni za kazini kwake zinasema anafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Usiku daktari huyo ndiye aliyeshika kisu. Atasimamia usingizi saa ngapi?

Baadhi yenu mlitaka tudai neno “usimamizi” lifutwe kabisa, mkanitajia Marekani. Huko tangu Novemba 2001 gavana anaweza kuliondoa jimbo lake kwenye sharti la usimamizi wa daktari katika bima ya serikali ya wazee. Iowa ilitangulia mwaka huohuo, na hadi leo yapo majimbo ambayo hayajajiondoa. Sisi mwenzetu alikuwa na siku 7.

Kwa hiyo niliomba jambo moja: muuguzi wa usingizi awe na haki ya maandishi ya kutoanza pale oksijeni au vifaa vinapopungua, bila kuadhibiwa. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 tayari inataka mashine na dawa za usingizi zikaguliwe kabla ya mgonjwa kulala. Barua niliiandika mwenyewe nikitoka zamu, wakili akainyoosha. Shauri la mwenzetu limefutwa. Ombi letu bado halijajibiwa, lakini kusema nimeiuza taaluma ni kunionea.

Mnasema niliamua bila mkutano. Mwaka huu niliita mikutano 3. Tuko 64, akidi ni 22. Walikuja 11, kisha 14, kisha 9. Ningemngoja nani?

Ada ya 30,000 wamelipa 23, jumla 690,000. Wakili 400,000, rambirambi 210,000, salio 80,000. Wapo walionipigia simu kwa ukali kuhusu fedha hizo ambao hawajalipa tangu 2022. Limeniuma.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuonana na waganga wakuu wa wilaya, na hali ikiruhusu tuandae mafunzo mengine.

Mkutano mkuu ujao mhazini atakaa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti